Kabati la Herufi na Watu Wasiolalamika

Jumatatu, 7 Juni 1999

Nimeitwa kwenye simu. Simu yenyewe iko juu ya kaunta ya duka la Muksini, ng'ambo ya barabara, kati ya mizani ya sukari na majora ya vitambaa. Kwa hiyo lolote ninaloambiwa kutoka mbali, Muksini analijua kabla sijarudi nyumbani. Nimezoea.

Aliyepiga ni Fortunatus, yuko Dar es Salaam. Nilimfundisha jiografia. Sasa anatengeneza programu za kompyuta, na ndiye aliyenipelekea, kwa mkono wa kondakta wa basi, programu yake iitwayo Kabati la Herufi.

Nieleze kidogo, huenda wajukuu wakasoma hapa. Herufi za kompyuta zina mitindo. Ziko nene, ziko nyembamba, ziko zilizolala kama zimepigwa na upepo wa ziwani, ziko zenye mikia kwa ajili ya kadi za harusi. Kila mtindo unaitwa fonti. Fonti zikiwa nyingi mno, kompyuta inachoka, na mwenye kompyuta anachoka kutafuta. Kabati linazipanga. Unayoitaka unaifungua, usiyoitaka unaifunga. Ndiyo kazi yake yote. Nimewaeleza watu wengi wa mji huu na wote wamenielewa. Waliitikia kwa kichwa.

Fortunatus anakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Anakuja na printa mpya ya wino. Anatafuta wakala wa Kabati kwa Kyela, Tukuyu na Mbeya nzima, na printa ataiacha kwa wakala huyo. Anataka kitu kimoja tu: maoni ya watumiaji. Nikamwambia hiyo ni kazi ndogo. Nimewauliza watu maswali maisha yangu yote.

Nilipoweka simu chini, Muksini aliuliza kama printa ya wino inachapa rangi. Nikamwambia sijui. Akasema Fortunatus amesema inachapa.

Printa yangu ni ya riboni. Inalia kama mashine ya kusaga na herufi zinatoka zimepauka. Msimu wa kadi umeanza, watu wameuza mchele, wanaoza mabinti, na kadi zote zinavuka barabara kwenda kwa Muksini, mwenye kompyuta na mashine ya kutolea vivuli. Siku hizi kila mtu ana ruhusa ya kufanya biashara. Tatizo ni kwamba kila mtu anafanya.

Restituta amenikumbusha kwamba magunia ya mchele hayana pa kukaa, na kwamba chumba cha ofisi ndicho kikavu kuliko vyote. Nimemwahidi: nikikosa printa, chumba ni cha mchele. Amesema sawa. Mke wangu alikuwa muuguzi. Hasahau alichoahidiwa.

Jumanne, 8 Juni

Siku njema sana.

Nimemwita Mama Felista, anayetaka kadi za mchango za harusi ya bintiye. Nimemketisha mbele ya kompyuta, nimempa chai na mkate, nimemfundisha kushika kipanya. Amefungua fonti, amefunga fonti. Nikamwuliza anaonaje. Amesema ni nzuri sana, ndaga fijo, Mwalimu. Hayo ni ya Kinyakyusa, maana yake asante sana. Miaka yote hii hapa na lugha yao bado inanipita pembeni, ila hilo nalijua.

Baada yake Mzee Eliud, mzee wa kanisa, mtu mwenye sauti nzito na kofia. Naye chai. Naye kipanya. Amesema hajawahi kuona kitu kizuri namna hii, na amemshukuru Mungu kwa ajili yangu.

Kisha mwalimu mwenzangu mstaafu kutoka Njisi. Kisha mama wa ndizi kutoka Mwaya, ambaye hana la kuchapisha lakini alikuwa anapita. Wote wamesifu. Nimeandika kila neno kwa mwandiko wa kazi.

Jioni nimevuka kumpigia Fortunatus na kumsomea. Aliniacha nimalize orodha yote. Kisha akasema, kwa heshima zote, kwamba hayo si maoni. Hizo ni salamu. Yeye hataki kusifiwa. Anataka kujua panapouma: watu wanakwama wapi, wanachukia nini, kitufe gani kinawaudhi. Wakala atakayemfaa ni yule ambaye watumiaji wake wanalalamika.

Nikamwambia kwetu watu wameridhika. Akasema basi hapo hapamfai.

Muksini alikuwa anapima kitenge. Amekohoa kikohozi ambacho si cha ugonjwa.

Alhamisi, 10 Juni

Nimelala nikiwaza, nimeamka na njia. Kosa lilikuwa kwenye swali. Ukimwuliza mtu anaonaje, unamfungulia mlango wa kusifu. Sharti umwulize kibaya ni kipi. Mwalimu mzoefu huliona jambo hili mapema, nami nimeliona siku ya tatu.

Nimewaita tena wote. Chai tena. Restituta ameuliza sukari hii inakwenda wapi. Nimemwambia inakwenda kwenye utafiti.

Mama Felista nimemwuliza kibaya ni kipi katika Kabati. Ameangalia kioo cha kompyuta, ameangalia kikombe, ameniangalia mimi. Amesema herufi hazisomeki vizuri, lakini hilo ni kwa sababu ya macho yake. Nikamwuliza kama si kwa sababu ya Kabati. Amesema hapana, Mwalimu, ni macho, hata mama yake alikuwa nayo hivyohivyo.

Mzee Eliud alifunga fonti moja, na nyingine zote za jamii ile zikajifunga nayo. Nilifurahi. Hilo ni kosa la wazi la programu. Nikasubiri aseme. Akaomba radhi. Akasema vidole vyake vimezoea jembe, na akaniuliza kama ameharibu.

Mwalimu wa Njisi amesema labda tatizo ni umeme.

Mama wa ndizi amesema tatizo ni yeye kutosoma. Kisha ameniachia mkungu mdogo, kwa usumbufu alionisababishia.

Kwa hiyo orodha yangu ya kasoro za Kabati leo ni hii: macho, vidole, umeme, na elimu ya watu wazima. Sikumpigia Fortunatus.

Ijumaa, 11 Juni

Nimeelewa. Watu hawa wanaona haya. Ni lazima waseme bila kuonekana. Nimetengeneza sanduku kwa ubao wa kreti la soda, nimelikata mwanya juu, nimeliweka mlangoni na kuandika MAONI kwa herufi za kuonekana kutoka stendi. Karatasi na kalamu pembeni. Mimi nikakaa chumba cha nyuma, nisimtishe mtu.

Siku nzima nilisikia vitu vikidondoka ndani. Moyo ulipata nafuu. Restituta alikuwa anapepeta mchele uani na kila baada ya muda ananiuliza kama naumwa, mbona nimejificha.

Jioni nimefungua. Sarafu. Watu wameona sanduku lenye mwanya, liko mlangoni kwa mzee anayesali, wakafanya lile wanalofanya siku zote kwa sanduku lenye mwanya. Mmoja ameandika ombi la sala kwa ajili ya kikohozi cha mama yake. Karatasi moja tu ilihusu kazi, nayo inasema, Mwalimu, Mungu akuzidishie. Imetiwa saini.

Nimepeleka sarafu kanisani. Katibu amenipongeza kwa moyo wa kujitolea na ameomba sanduku libaki pale pale.

Jumatatu, 14 Juni

Leo nilikuwa na bahati, au niliidhani bahati.

Mzee Eliud alileta ratiba ya ibada ya shukrani ya mavuno, itakayofanyika Jumatano, nimchapie. Nikiwa katikati, Kabati likafunga kila kitu. Kila fonti. Ikabaki moja tu, ile ambayo badala ya herufi ina picha: mkasi, simu, bahasha, ndege, mkono unaoonyesha kidole. Ratiba yote ikageuka kuwa mikasi na simu. Nilihangaika kuzirudisha, zikakataa.

Nikaacha kuhangaika. Nikawaza. Hapa ndipo penyewe. Hakuna mtu, awe na adabu kiasi gani, atakayepokea ratiba ya ibada yenye mikasi asiseme neno. Nikachapa hivyohivyo. Nikamkabidhi. Nikachukua kalamu.

Mzee Eliud amevaa miwani. Amesoma ukurasa wote, kutoka juu hadi chini, taratibu, kama mtu anayesoma kweli. Amegeuza nyuma. Nyuma hakuna kitu. Amevua miwani, amekunja karatasi, ameitia mfukoni upande wa moyo.

Amesema ndaga fijo, Mwalimu. Imependeza.

Nikamwuliza kama hajaona chochote cha ajabu. Amefikiri. Amesema ni kazi ya kitaalamu, na sisi wengine tutajifunza polepole.

Nikamwuliza wazi kabisa: mzee wangu, unaelewa kilichoandikwa humo? Akanipoza. Akasema nisijali, ibada ile wameifanya tangu utoto, hata bila karatasi watafika mwisho.

Alipoondoka nilikaa muda mrefu nikiangalia kioo. Ndege, simu, mkasi. Printa ikapoa. Restituta alipita na kamba, akapima upana wa chumba.

Jumanne, 15 Juni

Nimepata jibu, na nimelipata mahali ambapo sikulitegemea. Nilivuka kununua mafuta ya taa. Mama Felista alikuwa pale kwenye kaunta ya Muksini.

Yule mama aliyekaa kwangu akinong'ona kuhusu macho yake alikuwa ameshika kitenge kwa vidole viwili, kama mtu aliyeokota panya. Alikuwa anasema kitambaa hiki ni chandarua, jua likiwaka mtu ataonekana hadi alichokula jana. Muksini akasema mama, hii imetoka mbali. Mama Felista akasema ndiyo maana imechoka. Akahamia kwenye kivuli cha kadi kilichotolewa na mashine ya Muksini. Akasema wino umepaka kama mtoto aliyelamba chungu. Muksini anacheka. Akapunguza bei. Mama Felista akasema bado. Akapunguza tena.

Niliganda na chupa yangu ya mafuta mkononi.

Sasa nieleze, maana hili ni jambo la msingi. Nyumbani kwa mzee, mwenye chai yake, tena mwalimu, mtu hasemi kibaya. Ni kumvunjia heshima, na kila mtu hapa amelelewa asifanye hivyo. Lakini dukani lazima uponde bidhaa. Usipoiponda, bei haishuki, na mwenye duka mwenyewe anakuona mshamba. Mtu yuleyule, mdomo uleule, kinachotofautiana ni sakafu aliyosimama.

Kwa hiyo watumiaji wangu si mabubu. Nimewaweka mahali pabaya tu.

Mpango ni huu. Kabati litawekwa kwenye kompyuta ya Muksini. Watu watachagua herufi za kadi pale kaunta. Watalalamika. Mimi nitakuwa pembeni na karatasi, nitavuna.

Nilimweleza Muksini palepale. Nilitegemea mabishano. Alikubali kabla sijamaliza, na akaagiza soda mbili. Ametaka jambo moja tu, malalamiko yasikilizwe hapo hapo dukani kwake, kwa sababu ndipo watu walipo. Sikuona ubaya. Muksini ni mtu wa Tanga, mfanyabiashara mzuri, lakini hajui thamani ya taarifa.

Restituta ameniuliza: Fortunatus akija Jumamosi na kuuliza watumiaji wako wapi, atawakuta kwenye kaunta ya nani?

Nimemwambia utafiti una mambo yake. Akasema haya.

Alhamisi, 17 Juni

Nimeona maajabu, nikiwa nimekaa nyuma ya majora ya kanga.

Ilibidi nijifiche. Asubuhi nilikaa wazi karibu na kompyuta, na kila aliyeingia alinisalimu kwa unyenyekevu, akatazama kioo na kusema ni nzuri sana. Muksini akaninong'oneza kwamba ninaua biashara. Akanipa stuli huku nyuma, kati ya ukuta na vitambaa. Joto. Harufu ya nondo. Nimeketi na kalamu kama mwanafunzi aliyechelewa.

Halafu mvua ikaanza kunyesha, nasema mvua ya maneno.

Mama Felista amesema herufi za mfano ni ndogo kama dagaa wa usipa wa kuanikwa, nani azione. Muksini akamwambia, mama, si umesema kwa Mwalimu ni macho? Akasema macho yangu nachagulia mchele usiku na taa ya koroboi, hiki kikabati ndicho kipofu. Amesema ukiifunga moja zinajifunga na ndugu zake wote, kama watu wa ukoo wakisusa harusi. Ameuliza kwa nini kitufe cha kufunga kiko palepale anapobonyeza kufungua. Swali zuri mno. Nimeliandika mara mbili.

Mwalimu wa Njisi amesema majina ya fonti ni ya Kizungu matupu, hakuna lililoandikwa hii ya harusi, hii ya msiba, hii ya mkutano wa kijiji. Kwa nini mtu akariri majina ya watu asiowajua ili aandike tangazo la mbolea? Huyu nimefundisha naye, tumekunywa chai pamoja wiki nzima. Hakusema hata nusu ya hilo.

Mama wa ndizi ameponda hadi rangi ya kioo.

Kisha Mzee Eliud. Alikuja kutoa vivuli. Muksini akamwonyesha Kabati na Mzee Eliud akarudi hatua nyuma. Akasema anaijua hiyo. Akatoa ile ratiba mfukoni, akaifungua kwenye kaunta. Mikasi, simu. Duka zima likainama kutazama. Amesema siku aliyopewa alisikitika sana, alidhani Mwalimu amechoka akili, na akaona si vizuri kumwambia mtu katika hali hiyo. Amesema kanisani walimwombea. Amesema mchungaji aliipindua karatasi akitafuta wimbo wa kuanzia, akakuta mkono unaoonyesha kidole, akaamua waanze kwa sala.

Watu wamecheka mpaka mtu kajishikia mizani. Muksini naye. Mimi nilikuwa nimeuma kalamu.

Mtu mmoja akaongeza kwamba chai ya Mwalimu nayo ni nyepesi. Sikuandika hilo. Halihusu programu.

Muksini alikuwa anaandika pia, moja kwa moja kwenye kompyuta, kwa kidole kimoja. Nilimwuliza baadaye kwa nini anajisumbua wakati ninaandika mimi. Amesema ni kwa ajili ya kumbukumbu tu, Mwalimu wangu.

Nimerudi nyumbani nikiwa na kurasa tele. Nimemwambia Restituta printa ni yetu. Alikuwa anashona mdomo wa gunia. Hakuinua uso.

Jumamosi, 19 Juni

Nimechoka. Nitaandika kwa ufupi.

Fortunatus amefika saa nne kutoka stendi, yeye kwenye baiskeli ya abiria moja, boksi la printa kwenye nyingine. Amenenepa. Aliniamkia kwa kuinama kama zamani. Restituta alipika mchele mpya na samaki mbasa wa Matema, naye alikula vizuri, akamsifu mpishi mara nyingi. Boksi lilikuwa kando ya mlango wangu. Nililitazama wakati wote wa chakula.

Kisha nikatoa kurasa zangu. Amezisoma. Macho yakang'aa. Ameniuliza huyu aliyesema kuhusu kitufe ni nani. Nikamwambia Mama Felista. Akasema anataka kumwona, sasa hivi, na wenzake wote. Nikamtuma mtu awaite.

Wakaja. Wakaketi. Restituta akaleta chai. Fortunatus akawauliza kwa upole Kabati linawasumbua wapi. Mama Felista akaniangalia, akaangalia chai, akasema halisumbui kabisa, baba, ni zuri sana, tatizo ni macho. Mzee Eliud akasema vidole. Mwalimu wa Njisi akataja umeme.

Fortunatus akatazama kurasa zangu, akawatazama wao. Niliona analofikiri. Alifikiri nimetunga.

Nikamweleza. Nilieleza kuhusu nyumba na duka, sakafu na mdomo. Nilieleza kwa utaratibu, na mifano. Kadiri nilivyoeleza ndivyo uso wake ulivyojaa huruma. Mwishowe nikasema basi tuvuke barabara, ujionee.

Tukavuka. Sijui kama Muksini alikuwa anatusubiri, lakini kompyuta ilikuwa imewashwa, na kiti kimoja kizuri kilikuwa kitupu. Mama Felista hakuwa amekanyaga kizingiti vizuri alipoanza kusema hiki kikabati chenu, na Fortunatus akiwa palepale, hakupumua mpaka alipomaliza usipa, ndugu waliosusa na kitufe. Mzee Eliud akatoa ratiba. Fortunatus alicheka mpaka akavua miwani kufuta machozi. Akaomba apewe ile karatasi. Muksini akamsomea kutoka kwenye kioo malalamiko yote, yamepangwa kwa siku na kwa jina la mlalamikaji.

Fortunatus ameniwekea mkono begani. Amesema, Mwalimu, kazi yako ni kubwa, lakini watumiaji wapo hapa. Wawili walibeba boksi la printa kutoka mlangoni kwangu. Mmoja wao alikuwa Muksini. Aliniomba nimshikie mlango, nikamshikia.

Kabla ya kupanda baiskeli, Fortunatus alinivuta kando uani kwangu. Alisema amesikia wote isipokuwa mimi, na mimi ndiye nimelitumia Kabati muda mrefu kuliko yeyote. Niseme tu, ninalionaje? Atasahihisha lolote.

Nilikumbuka ile mikasi. Nilikumbuka mchana mzima niliopoteza kutafuta fonti zilizopotea. Nikamtazama, kijana wangu, amesafiri siku mbili, jasho shingoni, wali wetu tumboni.

Nikamwambia ni zuri sana.

Alishukuru. Nadhani alitegemea zaidi.

Jumatatu, 21 Juni

Magunia yameingia asubuhi. Restituta ameyapanga vizuri, yamefika dirishani. Kompyuta imehamia chumba cha kulala, imefunikwa shuka. Ninaandika nikiwa nimekaa juu ya mchele. Si kiti kibaya.

Sikuwa na nia ya kuandika leo, lakini kuna jambo. Muksini amekuja mwenyewe, na paketi ya biskuti. Hakutamba. Akaniuliza nimeamkaje, akasifu mchele. Kisha akasema wakala lazima ampelekee Fortunatus maoni kila wiki, na Fortunatus anataka pia maoni ya mzee mmoja aliyesoma, wa kudumu. Ameona hakuna anayefaa isipokuwa mimi. Niwe navuka kila Ijumaa, nitumie Kabati, niseme panaponiuma.

Nikamwambia nitafikiri. Sikufikiri sana. Alipoondoka, mpango ulikuwa umeshakamilika kichwani mwangu.

Nitakubali. Kila Ijumaa nitavuka, nitaketi kwenye kiti kizuri, nitafungua fonti, nitafunga fonti, na nitasifu. Nitamsifia Muksini kila kitufe. Akiniuliza kibaya ni kipi, nitasema macho. Akinibana, nitasema vidole. Hatapata lalamiko hata moja la kupeleka. Fortunatus atachoka na salamu, kama alivyochoka na zangu, ataona pale hapamfai, na printa itatafuta pa kwenda. Mtu akikusifu hivyo huwezi hata kumgombeza. Ni silaha safi kabisa, na Muksini hataijua, atadhani ni heshima.

Nimemweleza Restituta yote, hatua kwa hatua, yeye akiwa mlangoni na ungo. Alisikiliza. Kisha akaniuliza kama nimewahi kuwaza kwamba labda na wale watu wa chai walikuwa wananifanyia hivyohivyo.

Nimemwambia haiwezekani. Nikamweleza kwa nini. Wale walikuwa wananiheshimu kwa dhati, ni watu waliolelewa vizuri, na mimi nimeishi nao miaka mingi, ninawajua. Isitoshe, mtu aliyefundisha maisha yake yote anatambua mara moja pale mwanafunzi anapoitikia tu bila kuelewa. Nilieleza mpaka chai ikapoa.

Restituta aliitikia kwa kichwa, akarudi kupepeta mchele wake.

Kwa hiyo amekubali. Ninaanza Ijumaa.